Siku Adela Alipoziita Namba

Jezi sabini na moja zilikuwa kwenye chumba cha chini cha nyumba ya Adela Vondra tangu msimu ulipokwisha mwishoni mwa Novemba, ndani ya makasha sita ya kadibodi, na tangu mumewe Emil azikwe hakuna aliyezigusa. Adela alikuwa akishuka kule kufua nguo zake mwenyewe, nguo chache za mtu mmoja, na kila alipopita karibu na makasha aligeuza uso, kama mtu anayepita karibu na kitanda cha mgonjwa aliyelala.

Emil alikuwa mtunza vifaa wa timu ya mpira ya Chuo cha Ostrander kwa miaka arobaini na mmoja. Ni mpira ule wa kofia ngumu na mabega yaliyojazwa sponji, unaochezwa kote Nebraska majani yanapoanza kupukutika, na katika mji wa Holub, wenye watu elfu mbili na mia tatu, chuo ni kimoja hicho na timu ni moja hiyo. Alikufa wiki ya kwanza ya Desemba, koleo la theluji mkononi, hatua nne kutoka mlangoni. Adela alikuwa jikoni. Alisikia koleo likikwaruza, likikwaruza, kisha likanyamaza, na akadhani Emil amemaliza.

Barua ya chuo ilikuja mwezi wa nne. Ilikuwa barua ya adabu, yenye pole mwanzoni. Ilisema bodi itakutana Jumamosi saa nne asubuhi kuamua kama timu ya mpira iendelee au ifutwe. Ilisema pia kwamba, vyovyote itakavyoamuliwa, chuo kinaomba mali yake iliyobaki nyumbani kwa marehemu irudishwe siku hiyo hiyo pale ukumbini, ambapo bwana wa stoo kuu ya chuo ataihesabu na kuipokea.

Adela aliisoma akiwa amesimama, halafu akakaa akaisoma tena. Neno lililomkaa kooni ni lile la mali. Emil hakuwahi kuziita mali. Alikuwa akiziita kwa namba zake tu, moja moja, kama mtu anayeita ng'ombe wake.

Na namba zile zilikuwa na nyumba. Zamani, kabla Adela hajaolewa, bomba la mashine za kufulia za chuo lilipasuka katikati ya msimu, na mtunza vifaa wa wakati ule akagawa jezi mjini, kila nyumba jezi moja, zifuliwe kwa wiki moja tu mpaka mafundi wamalize. Mafundi walimaliza. Jezi hazikurudi chuoni. Nyumba zilikuwa zimeshazoea. Kila Jumapili baada ya kanisa mtu wa nyumba alikuwa akienda kuchukua namba yake, ikiwa na matope na jasho na pengine damu, anaifua, anaianika, na kwa kuwa jezi ina mwenyewe, kijana anayeivaa naye akawa anakuja nyuma yake kula chakula cha mchana. Alhamisi saa kumi na moja jioni wote walikuwa wakipanga foleni kwenye dirisha la stoo ya vifaa. Emil alikuwa akiita namba, mwenye namba anajibu "Hapa," anapitisha jezi, anaondoka. Hakuna zaidi ya hapo. Kuna watu wa Holub ambao Adela alikuwa hajawahi kusikia neno lingine kutoka vinywani mwao.

Sasa, kama timu ingefutwa, Alhamisi zile zingekwisha. Makasha yangeingia kwenye gari la taka. Adela alikuwa amevumilia kumzika Emil mara moja, na hakuona kama anaweza mara ya pili.

Ijumaa mchana Milo Hruska alikuja na sahani ya kolache, vile vimkate vitamu vyenye jemu ya plamu katikati, alizooka mke wake. Milo alikuwa jirani, mkulima wa mahindi, mwenye namba sitini na moja, na ndiye mtu pekee mjini aliyekuwa bado anamtania Adela kama vile hakuna lililotokea.

"Usiniambie umelala," alisema akiwa mlangoni. "Nimeona pazia likicheza."

"Ingia. Futa viatu."

"Nimevifuta kwa Emil miaka thelathini, leo niache?" Alivifuta, akakaa kwenye kiti cha pembeni. Kiti cha Emil hakukikalia. "Kesho unakwenda?"

"Nimeitwa kurudisha mali."

"Mali!" Milo alicheka kwa pua. "Ile yangu ya sitini na moja ina kiraka ulichoshona mwaka ule wa mvua ya mawe. Wakauze wapi?"

"Nani atazungumza kesho?" Adela aliuliza. Swali hilo lilikuwa limemkosesha usingizi.

"Watu wengi watakuja."

"Sikukuuliza watakuja wangapi. Nimekuuliza nani atazungumza."

Milo aliitazama kolache yake. "Kocha kafungwa mdomo. Mwajiriwa yule, akifungua kinywa wataona anatetea mshahara wake. Lakini mtu atajitokeza tu. Labda Schroeder. Yeye anaendesha lori, kazoea kuongea na wenzake kwenye redio."

"Umemwuliza?"

"Nitamwulizaje? Ataona namsukuma."

"Wewe je?"

"Mimi?" Milo alishtuka kweli. "Adela, mimi siku ya harusi yangu nilitikisa kichwa, kasisi akalazimika kuuliza mara mbili. Wewe ndiye ungefaa. Mke wa Emil."

"Mimi tangu Desemba sijasema sentensi tatu mfululizo."

"Umeshazisema leo. Nilikuwa nahesabu."

Alimfanya acheke, akaondoka. Lakini sahani ilipobaki mezani Adela aliona wazi jinsi mambo yatakavyokuwa. Kila mtu Holub alikuwa anamngoja mwenzake, kwa heshima tu.

Jumamosi alipakia makasha kwenye gari la Emil na kufika saa nne kasoro robo. Milo alimsaidia kuyaweka kwenye kitoroli, akakisukuma hadi mlango wa pembeni wa ukumbi, kisha akakimbilia kiti chake. Bwana wa stoo, mtu mwembamba wa makamo aliyehamia Holub mwaka uliopita, alikuwa anangoja mlangoni na ndoo kubwa ya magurudumu.

Ukumbi ulikuwa umejaa kuanzia nyuma. Mistari minane ya mbele ilikuwa mitupu kabisa. Waliochelewa walikuwa wamesimama wameegemea ukuta wa nyuma, kofia mikononi, badala ya kupita mbele ya watu. Kutoka kwenye meza ya bodi lazima ilionekana kama mji umekuja kwenye mazishi ya mtu wasiyemfahamu vizuri.

Karatasi ya wanaotaka kuzungumza ilikuwa inapita, imebanwa kwenye ubao, kalamu imefungwa kwa kamba. Adela aliitazama ikitembea mkono kwa mkono.

"Tangulia wewe."

"Ah, mimi wa kwanza? Hapana."

"Mpe Bi. Bartos, yeye ndiye mkubwa."

Bi. Bartos, mwenye miaka themanini na minne, alisema wanaume waanze. Wanaume wakasema mama asiwadharau, aanze yeye. Karatasi ikaenda mpaka ukutani, ikarudi, ikafika meza ya mbele ikiwa haina jina hata moja, ila alama ya kidole chenye jemu ya plamu.

Mwenyekiti wa bodi alikuwa Bi. Thornquist, mwanamke mrefu kutoka Omaha, mwenye miwani iliyoning'inia kifuani. Hakuwa mtu mbaya. Aliigeuza karatasi kuangalia upande wa pili, akaiweka chini taratibu, akamwomba mkuu wa chuo, Dk. Pruitt, atoe taarifa.

Dk. Pruitt alisema kwa sauti ya mtu ambaye hakulala. Alisema timu inaumiza chuo kwa mambo mawili. La kwanza, wachezaji hawakai. Kati ya vijana sabini na mmoja wa msimu huu, ishirini na tisa wameondoka chuoni. "Hatuwezi kuendelea kuwa kituo cha wapita njia," alisema. La pili, Bwana Vondra, aliyekuwa akifanya kazi ya watu watatu, amefariki, na chuo hakina mtu wa kushika nafasi yake wala namna ya kuwapata watatu.

Adela, mlangoni, alisikia jina la mume wake likitajwa kama sababu. Akashika ukingo wa kitoroli. Emil ndiye alikuwa anaifuta timu. Kwa kufa.

"Nitahesabu haraka tu, mama," bwana wa stoo alinong'ona. "Dakika mbili." Alikumbatia jezi kumi kwa mkupuo akazitupa kwenye ndoo, akanyoosha mkono kushika nyingine.

"Hazihesabiwi hivyo," Adela alisema.

"Zinahesabiwaje?"

"Zinaitwa."

Mbele, Bi. Thornquist alikuwa amevaa miwani. "Kwa kuwa hakuna mkazi yeyote aliyejiandikisha kuzungumza," alisema, "nachukulia kwamba mji hauna pingamizi, na tunakwenda kwenye kura."

Baadaye watu walimwuliza Adela kama alikusudia. Alijibu kila mara kwamba hajui. Anachokumbuka ni kwamba alizitoa zile kumi kwenye ndoo, akaikunjua ya kwanza ili aone namba, na mdomo ukaita wenyewe. Aliita kama Emil, kwa sauti ya kushinda feni ya stoo, kwa sababu hakuwahi kusikia namba zile zikiitwa kwa namna nyingine.

"Kumi na mbili!"

"Hapa," alijibu Bi. Bartos kutoka nyuma. Na akasimama.

Ukumbi wote uligeuka. Bi. Bartos mwenyewe aligeuka, kama anamtafuta aliyejibu.

Mwenyekiti aliinua kichwa. "Mama, ulitaka kuzungumza?"

"Hapana," Bi. Bartos alisema, amekuwa mwekundu mpaka masikioni. "Mimi siongei. Nimeitwa tu."

Adela alikuwa ameshachukua ya pili. Angekomea hapo, asingeweza kuanza tena. "Thelathini na tano!"

"Hapa."

"Saba!"

"Hapa!" Sauti ya mwanamume, kutoka ukutani.

"Sitini na moja!"

"Hapa," alisema Milo, amesimama kabla namba haijaisha, na kofia ikamdondoka.

Dk. Pruitt alikuwa ameinuka nusu. "Mwenyekiti, huu si utaratibu..."

"Kaa kidogo, Daktari," Bi. Thornquist alisema bila kumtazama. Alikuwa anamtazama Adela, mwanamke mfupi mlangoni mwenye jezi ya kijani mkononi. "Wewe ni nani, mama?"

"Adela Vondra. Nimekuja kurudisha jezi."

"Na hawa?"

Adela alitafuta neno. "Hawa ndio wenyewe," alisema.

Ilibidi aeleze, na alieleza vibaya, kwa vipande. Mashine zilizopasuka. Jumapili. Chakula. Alhamisi. Mara mbili Milo alidakia kutoka nyuma kusahihisha mwaka, na mara moja mke wake akamvuta shati. Adela alipomaliza, mwenyekiti alikuwa amevua miwani tena.

"Kila namba ina nyumba?"

"Kila namba."

"Endelea kuita," alisema Bi. Thornquist.

Akaendelea. Waliitika, wakasimama, na hakuna aliyekaa tena, kwa kuwa Alhamisi hakuna viti. Alipoita ishirini na tatu, Schroeder, yule dereva wa lori, aliitika. Halafu badala ya kunyamaza akakohoa.

"Huyu wa ishirini na tatu," alisema, anaongea na kofia yake, "aliondoka Oktoba. Kwao Amarillo, Texas. Mama yake alikuwa mgonjwa."

"Pole," alisema mwenyekiti.

"Amepona. Nilikuwa na mzigo wa kupeleka kule Januari, nikampitia. Nikamwambia panda. Yuko darasani sasa hivi. Si sasa hivi, leo Jumamosi. Yuko kwangu, amelala."

Kicheko kidogo kilipita. Dk. Pruitt alipekua makaratasi yake. "Kwenye taarifa ameandikwa ameondoka."

"Sijui taarifa. Anakula mayai sita."

"Taarifa iliandikwa lini, Daktari?" aliuliza mwenyekiti.

Dk. Pruitt alitazama tarehe iliyoandikwa juu kwenye ukurasa. Adela aliona uso wake unabadilika. Haukuwa uso wa mtu aliyefumaniwa. Ulikuwa wa mtu aliyefungua droo akakuta funguo alizozitafuta wiki nzima. "Desemba," alisema. "Mwanzoni mwa Desemba."

"Na hakuna aliyehesabu tena?"

"Hapana. Hakuna."

Bi. Thornquist alisimama. "Nyumba ambayo kijana wake aliondoka kisha akarudi," alisema, "naomba inyanyue mkono. Hakuna haja ya kusema chochote."

Hilo Holub waliliweza. Mikono ikapanda, polepole, kila mmoja akiangalia kwanza kama jirani amepandisha. Bi. Bartos alieleza, bila kuulizwa, kwamba wa kwake alikimbia kwa sababu ya msichana na akarudi kwa sababu ya msichana mwingine. Mtu mmoja alisema alipiga simu Denver kila Jumapili saa ya chakula na kuiacha wazi mezani ili kijana asikie vijiko. Mikono ilikuwa kumi na saba. Bi. Thornquist aliihesabu mara mbili, akaandika, akamsogezea karatasi Dk. Pruitt, naye akaisoma na kuisukuma kwa jirani yake mezani.

Adela akarudi kwenye makasha. Alipoita hamsini na nane hakuna aliyejibu.

"Hamsini na nane," aliita tena, kwa sauti ya chini zaidi.

"Ilikuwa ya akina Kadlec," mtu alisema. "Wamehamia kwa binti yao."

Adela alibaki nayo mkononi. Alikuwa amesahau. Emil angeikumbuka, angekuwa ameshaitafutia nyumba kabla ya Krismasi. Aliogopa kwamba kila alichokijenga kitaanguka kwenye hamsini na nane.

"Mimi naishi peke yangu," bwana wa stoo alisema ghafla pembeni yake, "lakini mashine ninayo."

Adela alimgeukia. "Unajua kupika?"

"Tambi."

"Watakula," alisema Milo kutoka nyuma. "Hao wanakula hata nyasi za uwanjani."

"Basi jibu," Adela alimwambia bwana wa stoo.

"Hapa," alisema yule bwana, na akajipokelea jezi mwenyewe.

Kasha la mwisho lilikuwa jepesi. Chini kabisa ilibaki moja, imekunjwa kwa namna ya Emil, mikono ndani, namba juu. Adela aliiinua na kuita, kwa kuwa sasa sauti ilikuwa inatoka bila shida.

"Arobaini na nne!"

Hakuna aliyejibu.

Alingoja. Aliangalia nyuma, mstari kwa mstari, watu wote wale waliosimama, akitafuta ni nani amekosekana. Walikuwa wanamtazama. Hakuna aliyecheka, hakuna aliyetikisika. Aliita mara ya pili.

"Adela," alisema Milo, kwa upole kuliko alivyowahi kusema chochote. "Hiyo ni yako."

Ilikuwa yao. Miaka arobaini na mmoja Emil alikuwa akiiita mwishoni kabisa na kujijibu mwenyewe dirishani, halafu anafunga dirisha. Anayeivaa sasa alikuwa kijana mnene wa Kansas ambaye Desemba alibeba jeneza upande wa kushoto, akalia kuliko watu wote. Adela aliibana jezi kifuani. Alidhani atalia mbele ya bodi. Badala yake kilichokuja kilikuwa kicheko, kifupi, cha kujicheka, na ukumbi mzima ukapumua naye.

"Hapa," alisema.

Bi. Thornquist alingoja mpaka watu watulie. "Bi. Vondra," alisema, "limebaki lile la pili. Kazi ya mume wako. Kushona, kutunza, kufuatilia vitu vyote hivi. Nani ataifanya?"

"Kushona?" Adela hakuelewa swali kwanza. "Mama, Emil alikuwa hajui kutia uzi kwenye sindano."

Safari hii walicheka kweli, na aliyecheka zaidi ni Kocha Rademacher, aliyekaa pembeni asubuhi nzima akiwa amefumbata mikono. Alijifunika uso kwa kiganja.

"Mimi nashona," Adela aliendelea. "Tangu zamani. Hawa wanafua. Kofia na kinga za mabega anaangalia kocha na vijana wenyewe. Emil alikuwa anajua kila kitu kiko wapi, ameandika kwenye daftari, na daftari ninalo. Na alikuwa anaita." Alitazama jezi mikononi mwake. "Kuita nimeona naweza."

Bodi iliingia chumba cha ndani. Watu walitoka nje, kwenye jua la Aprili lisilo na joto, wakafungua milango ya magari na kugawana kolache. Hakuna aliyezungumzia kura. Walizungumzia mvua na bei ya mbegu na goti la Bi. Bartos. Adela alikaa kwenye ngazi ya gari la Emil, na Milo akasimama mbele yake kumkinga na upepo bila kusema kwamba anamkinga.

"Umesema sentensi ngapi leo?" aliuliza.

"Nyamaza, Milo."

"Hiyo moja zaidi."

Dakika arobaini zilipita. Dk. Pruitt mwenyewe ndiye aliyekuja mlangoni, bila koti, na kabla hawajarudi ndani akawaambia pale pale kwenye ngazi. Kura nane kwa tatu. Timu inabaki. Itatazamwa tena baada ya misimu miwili, na hesabu ya wanaoondoka itafanywa mwezi wa pili, si Desemba. Alimaliza akabaki amesimama, kama hajui afanye nini na mikono yake, halafu akasema, "Nilikuwa sitaki kufanya hili. Nataka mjue." Bi. Bartos akampa kolache.

Hawakupiga kelele. Kocha aliketi kwenye ukingo wa njia kama mtu aliyetua gunia, akakaa hapo muda mrefu. Schroeder alivaa kofia, akaivua, akaivaa. Mtu mmoja alisema, "Haya basi," na mwingine akamjibu, "Haya." Kisha wakarudi ndani kupanga viti, kwa sababu ukumbi hauachwi hivyo.

Jezi hazikuhesabiwa. Bwana wa stoo alisema kwa kuwa timu haifutwi, hana pa kuziweka. Basi kila mwenye namba alichukua yake akaondoka nayo chini ya kwapa, akisema imekaa kwenye kasha tangu Novemba na lazima inanuka vumbi. Walipomaliza, Adela alipita karibu na meza ya mbele. Ile karatasi ilikuwa bado pale. Milo alikuwa ameinama juu yake, amekamata kalamu ya kamba, anaandika jina lake kwa herufi kubwa.

"Mkutano umekwisha," Adela alimwambia.

"Najua. Sasa ndiyo nimekuwa tayari."

Alifika nyumbani saa saba mchana. Alishusha makasha sita matupu, akashuka nayo chumba cha chini na kuyakunja bapa. Arobaini na nne ilikuwa safi, lakini aliiweka kwenye mashine, peke yake, akaongeza sabuni kidogo tu, akabonyeza. Kisha alipanda juu akaketi kwenye kiti cha Emil kuvua viatu. Kiatu kimoja kilitoka.

Alikuwa hajalala mchana tangu alipokuwa mtoto. Mashine ilikuwa inazunguka chini ya sakafu, taratibu, na alikusudia kuinuka itakaponyamaza. Ilinyamaza. Adela, usingizini, hakusikia.